Sura ya Saba: Bastola za Kale na Njia ya Nadapal

Ukitoka Lodwar kuelekea kaskazini-magharibi, barabara inakupitisha Kakuma, kisha Lokichoggio, halafu inakufikisha Nadapal, mpakani na Sudan Kusini. Ng'ambo ni nchi ya Watoposa, na mbele zaidi ni Narus na Kapoeta. Katika njia hii silaha ya moto imekuwa mali kwa zaidi ya miaka 100. Imenunuliwa kwa pembe za ndovu, imenunuliwa kwa ng'ombe, imerithiwa na mtoto kutoka kwa babaye. Ndiyo maana msomaji anayetaka kujua kama inafaa kununua bastola za kale, kuzihifadhi miaka 20 au 30 na kuzingojea zipande bei, nampeleka huku kwanza kabla hatujaingia kwenye kumbi za mnada za Ulaya na Marekani. Soko la mpakani linaonyesha wazi jambo ambalo madalali wa mnada hawalitangazi: bei ya silaha haikai ndani ya chuma. Inakaa kwenye habari zake, au inakaa kwenye hofu ya mnunuzi. Anayeweka fedha zake hapo sharti ajue analipia kipi kati ya hivyo viwili.

Chukua bastola moja tu. Tarehe 10 Julai 1873, mjini Brussels, mshairi Mfaransa Paul Verlaine aliingia katika duka la silaha akanunua rivolva aina ya Lefaucheux, ya milimita 7, inayobeba risasi sita. Siku hiyohiyo, pombe ikiwa kichwani, alimfyatulia mpenzi wake, mshairi kijana Arthur Rimbaud, akamjeruhi mkono. Polisi wakaingilia, kesi ikasikilizwa, Verlaine akahukumiwa kifungo cha miaka miwili. Bastola yenyewe haikuwa na ajabu yoyote. Viwanda vilitoa bastola za aina hiyo kwa wingi, na hata leo unaweza kupata moja, nzima, kwa yuro mia kadhaa. Lakini ile ya Verlaine ilipofikishwa kwenye mnada wa Christie's mjini Paris, tarehe 30 Novemba 2016, iliuzwa kwa yuro 434,500. Chuma ni kilekile. Tofauti yote imetokana na jeraha moja, majina mawili, na jalada la mahakama.

Habari za Rimbaud hazikuishia Brussels, na hapo ndipo zinapotugusa sisi. Aliacha ushairi akiwa bado kijana, akavuka bahari, akafanya biashara Aden na Harar, na hatimaye akawa mchuuzi wa bunduki. Mwaka 1886 aliondoka Tadjoura, pwani ya Ghuba ya Aden, na msafara wa ngamia waliobeba bunduki zipatazo 2,000, akawavusha jangwa la Danakil hadi Shewa, kwa mfalme Menelik. Washirika wake wawili wa biashara walikuwa wamekwisha kufa. Alipofika mapema mwaka 1887, Menelik akampa bei ndogo kuliko aliyoitarajia, na wadai wa mmoja wa marehemu wakamwandama. Safari ile haikumpa faida aliyoiota.

Bunduki alizobeba Rimbaud zilikuwa za mtindo uliokwisha kupitwa na wakati Ulaya. Biashara nzima ya Bahari ya Shamu ilikwenda hivyo. Kila mara jeshi la Ufaransa au la Italia lilipobadilisha silaha, zile kuukuu zilipakiwa melini, zikauzwa kwa bei ya kutupa na kupelekwa Afrika. Bunduki ya Kifaransa ya Gras ya mwaka 1874, ambayo kule Paris ilikuwa imeshaachwa kwa sababu ya bunduki mpya zaidi, kwenye nyanda za Ethiopia ilikuwa hazina. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulijaribu kuzuia silaha zisiingie sehemu kubwa ya Afrika, lakini silaha ziliendelea kuingia. Menelik aliwashinda Waitalia kule Adwa tarehe 1 Machi 1896, na baada ya hapo majeshi yake yalitanda kusini hadi karibu na Ziwa Turkana. Bunduki zikateremka pamoja nayo.

Wanunuzi walikuwa Waturkana wa kaskazini, na sarafu yao ilikuwa pembe za ndovu. Misafara ya pwani iliwahi kuzijua pembe hizo mapema: mpelelezi Count Teleki alipofika ziwani mwaka 1888, miongoni mwa waliomsindikiza katika safari yake alikuwa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe kutoka Pangani. Miaka michache baadaye mkondo wa biashara uligeukia Maji, mji wa Ethiopia kusini-magharibi, ambako pembe ziligeuzwa kuwa bunduki. Ndizo zilizomwezesha Ebei, kiongozi wa vita wa Waturkana, kuwasumbua Waingereza kwa miaka. Mwaka 1918 Waingereza walileta askari wa King's African Rifles (KAR), wakishirikiana na kikosi kutoka Sudan, katika operesheni waliyoiita Labur Patrol. Mifugo ilichukuliwa kwa maelfu mengi, silaha zikanyang'anywa, na wilaya ya Turkana ikafungwa kwa watu wa nje kwa miongo kadhaa.

Nimeieleza historia hii kwa urefu kwa sababu ina hesabu ambayo mwekezaji hawezi kuikwepa. Gras iliyoshuka thamani Ufaransa ilipanda thamani Maji, kwa kuwa Maji iliihitaji ipige. Leo mambo yamegeuka: aliye na Gras Ulaya anaweza kuiuza kwa mkusanyaji, na bei inategemea jinsi ilivyotulia bila kuguswa. Je, Gras iliyobebwa na mpiganaji wa Ebei ingefika bei gani mnadani? Naamini ingegombewa. Lakini ingegombewa kwa sharti la karatasi: nani aliibeba, nani aliichukua, siku gani, ikakaa wapi. Bila hayo ni Gras kama Gras nyingine, yenye kitako kilichopasuka. Silaha zilizopita mikono mingi katika njia ya Nadapal zilikuwa na wajibu wa kutojulikana zilikotoka. Usiri uliozilinda zikiwa kazini ndio uliozinyima thamani ya ukumbusho.

Sasa tuje kwenye rivolva zenyewe, maana ndizo alizoulizia msomaji. Katika Afrika Mashariki jina linalotangulia ni Webley, kazi ya Birmingham. Jeshi la Uingereza liliipokea Mark I mwaka 1887, na Mark VI mwaka 1915. Ni bastola nzito ya risasi sita za inchi .455, inayofunguka kwa kuvunjika katikati, mtutu ukiinama chini na maganda yakiruka nje. Mwaka 1932 ikafuatiwa na Enfield No. 2, nyepesi zaidi, ya inchi .38. Maofisa wa polisi, makapteni wa KAR na walowezi walizivaa kiunoni kuanzia Mombasa hadi Lokitaung.

Mjuzi akishika Webley haangalii kwanza kama inang'aa. Kwa kweli mng'ao humtia wasiwasi. Chuma cha kiwandani kina rangi yake ya buluu inayokaribia weusi, na rangi hiyo ikichakaa kwa umri huwa na sura ambayo fundi hawezi kuiiga. Aliyeipeleka bastola ikapigwa msasa na kutiwa rangi upya amefuta alama za kiwanda na ameondoa sehemu kubwa ya bei kwa mkono wake. Kisha mjuzi hulinganisha namba: ya fremu, ya silinda, ya mtutu. Zikitofautiana, ujue vipande vya bastola mbili vimeunganishwa. Halafu huitazama silinda kwa nyuma. Webley nyingi zilizouzwa Marekani baada ya Vita vya Pili vya Dunia zilichongwa silinda zake ili zipokee risasi za Kimarekani za .45, na iliyochongwa hivyo hairudi tena kuwa ya asili. Mnunuzi mgeni hulipa bei ya nzima kwa kitu kilichokatwa.

Hifadhi nayo ni kazi. Chumvi ya Mombasa na Lamu hula chuma polepole hata ndani ya kabati. Joto kavu la Lodwar ni rafiki wa chuma, ingawa hupasua vipini vya mbao. Kosa linalorudiwa na wengi ni kuiacha bastola ndani ya ala yake ya ngozi, wakidhani ndiyo heshima yake. Ngozi hunyonya unyevu, na dawa zilizoilainisha huacha madoa ya kutu yasiyotoka. Ala ihifadhiwe kando, lakini isitengane na bastola yake katika kumbukumbu, kwa kuwa pamoja zinathibitishana.

Na juu ya yote hayo kuna karatasi. Kampuni ya Colt hadi leo hutoa, kwa malipo, barua kutoka kwenye nyaraka zake inayoeleza bastola yenye namba fulani ilitoka kiwandani lini na ikatumwa kwa nani. Barua hiyo peke yake inaweza kubadilisha bei. Mwezi Agosti 2021, Colt ambayo afisa Pat Garrett alimuulia Billy the Kid mwaka 1881 iliuzwa na Bonhams kule Los Angeles kwa zaidi ya dola milioni 6. Mtu akisoma habari hiyo hutamani. Asichokisoma ni kwamba Colt za mwaka huohuo wa kutengenezwa, zisizo na Garrett, huuzwa kwa sehemu ndogo sana ya fedha hizo, na kwamba kati ya muuzaji na mnunuzi wamesimama dalali, bima, kodi, gharama ya sefu na miaka mingi isiyo na pato. Mfugaji wa Kalobeyei angeliona tatizo mara moja: bastola haizai wala haikamuliwi. Atakayeishika miaka 25 anategemea siku moja tu, ya kuuza, na siku hiyo pawepo watu wawili wanaoitaka.

Lakini Kenya ugumu mkubwa uko kwenye sheria kabla hata ya kufika kwenye soko. Marekani, sheria ya mwaka 1968 inaitenga silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla ya hapo na kuiita ya kale, isiyobanwa kama nyingine. Uingereza, kanuni za mwaka 2021 ziliweka mpaka wa tarehe 1 Septemba 1939, pamoja na orodha ya risasi ambazo hazitumiki tena. Soko la wakusanyaji limejengwa juu ya mistari hiyo. Kenya, Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114 ya sheria zetu, inamtaka mwenye silaha awe na cheti, aeleze sababu ya kutosha ya kuwa nayo, na arudi kukihuisha. Kwa maneno mengine, mali yako inaishi kwa idhini ya Bodi ya Leseni za Silaha, na idhini ikikatwa huna pa kuiuza kwa haraka. Kuipeleka mnadani ng'ambo nako kunahitaji vibali vya nchi mbili. Mimi siwezi kumshauri mtu aweke akiba ya uzeeni kwenye kitu ambacho haki ya kukimiliki lazima aiombe tena na tena.

Kuna mahali ambapo silaha kuukuu imekaa vizuri na watu wake, na si mbali nasi kwa damu na lugha. Oman, Muscat ilikuwa bandari kubwa ya biashara ya bunduki hadi mwaka 1912, Sultan Faisal bin Turki alipoanzisha ghala la kuzidhibiti. Martini-Henry za enzi ile bado zinaonekana kwenye sherehe, zikishikwa na wazee kwenye ngoma ya razha, na jumba la makumbusho la Bait Al Zubair mjini Muscat linaonyesha silaha za kale pamoja na majambia. Familia nyingi zenye mizizi Zanzibar zinaijua desturi hiyo. Bunduki pale imekuwa pambo la ukoo. Kilichoiwezesha desturi hiyo ni utulivu wa nchi: hakuna anayeitazama ya jirani akihesabu risasi.

Huku kwetu hesabu ni nyingine. Mwaka 1979, serikali ya Idi Amin ilipoanguka, ghala la kambi ya Moroto lilivunjwa na silaha zikatapakaa Karamoja. Waturkana wa magharibi wakajikuta wakikabiliwa na majirani wenye bunduki za kisasa. Kaskazini, vita vya Sudan vya mwaka 1983 hadi 2005 vikawapa Watoposa silaha kutoka pande zote mbili zilizokuwa zikigombania utii wao. Wakimbizi wa vita hivyohivyo ndio waliosababisha kambi ya Kakuma ifunguliwe mwaka 1992. Mwandishi wa Washington Post aliripoti mwaka 2001 kuwa kule Kolowa, upande wa Wapokoti wa Baringo, AK-47 iliyogharimu ng'ombe 15 mwaka 1986 ilikuwa sasa inapatikana kwa ng'ombe watano. Wingi ulishusha bei, kama ilivyo kwa bidhaa yoyote.

Mfugaji aliyetoa wale ng'ombe hakununua akiba. Alinunua ulinzi wa ng'ombe waliobaki. Ngoroko, wezi wa mifugo wenye bunduki, walipokuwa wakizagaa, alihesabu hivyo kwa haki yake, kwa kuwa serikali ilikuwa mbali na askari wa akiba wa polisi, mfumo ulioanza mwaka 1948, walikuwa wachache mno kwa nchi pana kama ile. Simlaumu. Lakini yule dalali anayeshika bunduki mpakani akingoja bei ipande anangoja nini? Hapana kinachoipandisha ila uvamizi. Mvua njema, mkutano wa amani wa wazee wa Waturkana na Watoposa, au barabara salama hadi Nadapal inayopitisha malori bila kusindikizwa, vyote hivyo vinamtia hasara. Mali ambayo faida yake inadai ng'ombe wa mwenzako waibiwe na mchungaji wake azikwe, mimi siiiti uwekezaji, hata mtu akinionyesha hesabu safi kiasi gani.

Ndiyo sababu ninaunga mkono tanuri. Novemba 2016 serikali ilichoma silaha haramu 5,250 kule Ngong; Juni 2021, papo hapo Ngong, ikateketeza 5,144 nyingine. Kila moja iliyoyeyuka ni moja isiyorudi Turkana au Baringo. Nina ombi moja tu, na ninaliomba kwa moyo wote: kabla ya moto, mtu wa makumbusho apewe siku ya kuzipitia. Katika marundo kama yale hupita Gras, Enfield na Webley zilizovuka enzi tatu. Chache zitolewe uhai kwa kuzibwa mtutu na kukatwa kipigio, ziandikwe zilikopatikana, kisha ziwekwe mahali ambapo mtoto wa Lodwar anaweza kuziona. Nchi hii imezihifadhi jela za Kapenguria, na inamkumbuka Kenyatta aliyezuiliwa Lokitaung na Lodwar. Vita vya Ebei ni sehemu ya historia hiyohiyo, na ushahidi wake wa chuma unapungua.

Mtu akikuta bastola kwenye sanduku la marehemu babu yake, asiibebe kwenye matatu kwenda kuulizia bei. Aiache ilipo, amwite wakili, atoe taarifa polisi, na adai risiti iliyoandikwa namba ya silaha. Apige picha mapema, pande zote, na namba zionekane. Kisha alichunguze sanduku lenyewe kwa makini zaidi kuliko alivyoichunguza bastola, kwa kuwa humo ndimo mlimo urithi anaoweza kuushika bila cheti: ala, barua ya uteuzi, kitabu cha mshahara, picha za kambi, na nishani.

Nishani ndizo ninazomshauri mkusanyaji wa hapa kwetu azianzie. Africa General Service Medal, iliyoanzishwa mwaka 1902, ilitolewa kwa askari wa KAR waliopigana katika operesheni ndogondogo, na iliyo na kipande cha juu kilichoandikwa "East Africa 1918" inatokana na vita vya Turkana. Ni fedha halisi, inaingia mfukoni, haihitaji leseni ya silaha, na kwenye ukingo wake imechongwa namba na jina la askari. Jina hilo linaweza kufuatiliwa kwenye kumbukumbu za kijeshi zilizoko Uingereza na, muhimu zaidi, kwa wajukuu walio hai. Ukiipata, usiisugue kwa majivu wala dawa ya kung'arisha, maana herufi za ukingoni hufifia haraka. Uache utepe wake wa zamani hata kama umechanika. Andika jina la aliyekupa, kijiji chake, alivyohusiana na askari yule, na lolote analolikumbuka kuhusu safari ya kwenda kaskazini, halafu muombe aitie sahihi karatasi hiyo mbele ya shahidi.